Gidamu ya Mama Nilesh

...asikiguse, hapana, asikiguse kabisa, wageni wako sebuleni na yeye Hemlata ana kazi moja tu duniani saa hizi, kuangalia maziwa yasimwagike, kutia tangawizi na iliki, kubeba sinia na kuingia ameinamisha macho kidogo, si sana, asije akaonekana anajifanya, lakini macho yenyewe hayasikii la kuambiwa, yameshatoka mlango wa jikoni yamefika barazani kwenye viatu walivyovua wageni, raba nyeupe za Nilesh zimekaa pamoja kwa adabu, na kando yake makubadhi ya mama yake, moja zima, la pili limelala ubavu, gidamu imechomoka, ule ukanda mwembamba unaopita katikati ya vidole, umekatika mbele ya watu wote Mama Nilesh alipopandisha mguu kutoka kwenye kokoto za uani, tap!, na Baba akaruka kana kwamba yeye ndiye aliyekatika, "Samahani Sarlaben, samahani sana, hizi kokoto nilishasema zitolewe," na Mama Nilesh akasema si kitu, si kitu, akaingia miguu mitupu, na Hemlata aliyekuwa amesimama palepale akainama akaigusa miguu ile kwa ncha za vidole, kama inavyompasa msichana mbele ya mkubwa, na mkono wa Mama Nilesh ukashuka kichwani pake, ukakaa pale kidogo, mwepesi, wa joto, jamani mkono ule!, amebarikiwa, amebarikiwa na mama yake Nilesh, moyo bado unamwenda mbio mpaka anausikia masikioni, na maziwa hayachemki, gesi inakaribia kwisha, mwali umekuwa mfupi, wa bluu, acha, bora hivyo, yachelewe, apate kupumua... miezi saba wanaandikiana, miezi saba simu inawaka chini ya kaunta ya duka la vipuri, na leo yumo humu, nyuma ya ukuta huu mmoja, anamsikia anakohoa, Nilesh akiwa na wasiwasi hukohoa, hata siku ile ya kwanza alikohoa, alipokuja dukani kutafuta feni belti ya lori lao la mabati lililokwama Chapwa, mkoba wake umekatika mkanda, ameukumbatia kifuani, na yeye bila kufikiri, kweli bila kufikiri, aliuvuta ule mkoba akaushona palepale juu ya kaunta, Baba hayupo, mishono tisa, na Nilesh akaiangalia mikono yake, halafu akamwangalia usoni, "Dada, hii umejifunzia wapi?" na yeye, "Nyumbani tu," mjinga wewe Hemu, nyumbani tu!, nusura aitoboe siri kwa mkono wake mwenyewe, lakini Nilesh hakuuliza tena, alikohoa, akaomba namba ya simu, na tangu hapo ni asubuhi njema Hemu, umekula Hemu, leo mpakani foleni imefika wapi Hemu, mpaka juzi juzi alipoandika kwamba anakuja na mama, na kwamba mama ni mjane na neno lake ndilo la mwisho, akikubali mama wamekubali wote mpaka wajomba wa Leicester kule Uingereza, akikataa mama basi, hakuna wa kumgeuza, na Hemlata alisoma ujumbe ule akiwa amesimama katikati ya matairi akacheka peke yake mpaka dereva mmoja Mzambia akauliza, "Dada, umeshinda bahati nasibu?"... atakubali, kwa nini asikubali, nyumba ni safi, bhajia zimetoka vizuri, Kigujarati chake kinapanda na kushuka lakini kipo, na kuna jambo moja tu, moja tu, la kumfanya Mama Nilesh akatae, na jambo hilo halimo kwenye ile karatasi ya wasifu, karatasi wanayotumiana Wahindi wenzao kabla ya posa, picha, urefu, elimu, anakula nyama au hali, na chini kidogo mstari wa tabaka, Baba aliujaza mwenyewe usiku akaituma bila kumwonyesha, Kshatriya, aliandika, watu wa upanga, wapiganaji, Baba! ambaye jirani akichinja kuku yeye hujifungia ndani na kuwasha redio, lakini nani atajua, jina lao la Parmar linabeba watu wa kila namna, wapo akina Parmar wa upanga, wapo wa cherehani, wapo wa vyungu, na wapo wao, Wamochi, watu wa viatu, wale ambao kule Kathiawar walikotoka babu wa babu zao walikaa mwisho wa kijiji kwa sababu mikono yao inashika ngozi ya mnyama aliyekufa, na meli ikawaleta, na reli ikawaleta, na lori likawapandisha mpaka Mbozi, na hilo neno likapanda nao lori hilohilo, halikushuka njiani.

Na hapo ndipo asipoelewa, hajawahi kupaelewa tangu mtoto, mguu wa mkubwa ukiugusa unapata baraka, kiatu cha mguu huohuo ukikishona unakuwa mchafu, wewe na baba yako na mjukuu wako, sasa baraka inaishia wapi na uchafu unaanzia wapi, kwenye unyayo?, kwenye jasho?, dakika kumi zilizopita vidole hivi vimegusa vidole vile na akapewa mkono kichwani, na vidole hivihivi vikishika kile kiatu pale nje mkono ule utarudi nyuma, ni mguu uleule!, angemuuliza Bapuji, babu yake mzaa baba, lakini Bapuji alikuwa na jibu moja kwa maswali yote, "Shikilia penseli, usiteleze," maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza Hemlata maishani, ana miaka sita, mama yake ameshafariki, Baba yuko barabarani na malori ya watu, na yeye analelewa Mlowo, chini ya bati la kibanda cha Bapuji kando ya barabara kuu, mteja anakuja, Bapuji anafungua daftari la shule, anauweka mguu wa mteja juu ya ukurasa, na mtoto anazungusha penseli, kisigino, ubavu, kidole gumba, anakwenda pole pole asiwatekenye watu, halafu jina chini, na hivyo ndivyo alivyojua kusoma, kwa majina ya miguu, Mchungaji Ambakisye, wa kushoto mkubwa kuliko wa kulia, Boazi mnunuzi wa kahawa, kidole kimoja hakipo, Tumpale mwalimu, mguu mwembamba, ashonewe ndani kitambaa, madaftari kumi na manne, nyayo za Mlowo nzima na vijiji vyake, watu wakishuka na magunia ya kahawa walisema twende kwa Fundi, hawakusema kwa Mhindi, kwa Fundi, na walilisema jina hilo wakiwa wamevua kofia, na Bapuji akicheka na jino lake moja la dhahabu, na Hemlata alipofika miaka tisa akampa sindano mbili, si moja, mbili, uzi mmoja ncha zote mbili zina sindano, kiatu kimebanwa kati ya magoti, sindano hii inatoka kulia, ile inatoka kushoto, zinapita tundu moja, zinapishana humohumo ndani, "uzi wa juu ukilika wa chini unashika, mashine haiwezi hii, mashine ina haraka," na yeye alijitoboa, akalia, akashona, akajitoboa tena, akashona... na ile Diwali ya Mbeya, mbona inakuja sasa hivi, hataki kuikumbuka leo, leo ni siku ya furaha, lakini inakuja, nyumba ya tajiri mmoja mwenye duka la vitambaa, Bapuji amevaa shati jeupe amempelekea viatu vya arusi ya bintiye, jozi nane, na wakamkaribisha, wakamsifu, na chai ikaja, watu wote vikombe vya kaure, na mwenye nyumba akamwambia kwa upole, upole kweli, hakuna aliyepandisha sauti, "Fundi, chako kiko pale," na pale ni dirishani mwa stoo, kikombe cha bati chenye ua jekundu, kimewekwa chali peke yake kwenye vumbi, na Bapuji akaenda akakichukua kama mtu anayejua kilipo, akamiminiwa kutoka juu ili birika lisiguse, akanywa amesimama, akakiosha mwenyewe bombani, akakirudisha, na Hemlata ana miaka minane amepewa soda na anaona yote, na njiani kurudi akauliza kwa nini, na Bapuji hakusema shikilia penseli, siku hiyo hakusema kitu chochote, alitazama nje ya dirisha la basi mpaka Mlowo, na huo ukimya ndio Baba aliukimbia, anamwelewa Baba, kweli anamwelewa, alikua akiviona vikombe kama kile tangu utotoni, kwa hiyo Bapuji alipofariki Baba alifunga kibanda wiki ileile, akahamia huku Tunduma ambako kila mtu ametoka kwingine na hakuna anayemuuliza mwenzake baba yako alikuwa nani, akafungua duka, akayatia madaftari kwenye gunia ayachome na takataka, mikono yake Baba imejaa grisi kutwa nzima lakini grisi haina tabaka, grisi imetoka Japani, na Hemlata aliokoa daftari moja na kopo la biskuti lenye vifaa, na hilo kopo liko hapa, nyuma ya pipa la dengu, siku zote liko hapa, anajua lilipo hata akifumba macho.

"Hemu, mwanangu, unakitolea macho hicho kiatu utadhani kinakuita kwa jina," huyo ni Mama Loisi, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango anapanga bhajia kwenye sahani, amekuja na gari la kwanza kutoka Mlowo na ndizi na kahawa ya shambani kwake, amesema siku ya mtoto wake kuonwa hawezi kukaa shamba, na ni kweli ni mtoto wake, nani aliyemsuka nywele, nani aliyemnywesha uji siku Bapuji alipokuwa na kazi nyingi, "Kashone basi, dakika mbili tu, mama wa watu aondoke na viatu viwili," na Hemlata, chini chini, "Haiwezekani, Mama Loisi," "Haiwezekani kwa nini, mkono umevunjika?" "Unajua kwa nini," na Mama Loisi anatikisa kichwa, kilemba kinasogea, "Najua, najua, baba yako kaniita asubuhi kule uani, Mama Loisi, leo habari za mzee tuziache, mimi nimenyamaza, si nimenyamaza? Ila nyie watu mna mambo. Sisi kwetu mtu akiwa fundi anapishwa kiti, nyie mnamficha uvunguni," na sauti yake haina breki, imezoea kuita watu ng'ambo ya shamba, Hemlata anaweka kidole mdomoni, shii, sebuleni Baba anaeleza habari za forodha, foleni, mizani, na Mama Nilesh anasema "acha" na "hebu" mahali panapotakiwa, sauti nzuri, ya chini, na Nilesh anakohoa, na Mama Loisi ameinama sasa, ananong'ona lakini kunong'ona kwake ni kusema kwa watu wengine, "Mimi niliolewa na viatu vya Fundi, vyeupe. Alipiga magoti, mzee mzima, akaushika mguu wangu huu, una magaga, una udongo wa shamba, akauweka juu ya lile daftari. Mimi nikatokwa na machozi. Hata mume wangu hajawahi kunishika mguu kwa heshima namna ile," na Hemlata anacheka, anataka kulia, anacheka, maana yeye ndiye aliyeshika penseli siku hiyo, anaukumbuka ule mguu, mfupi, mpana, kidole cha pili kimezidi cha kwanza, na maziwa yameanza kutoa mvuke kidogo pembeni, bado, na simu inatetemeka mfukoni, ni yeye, yuko mita tano na anaandika, mama anasema nyumba inanukia tangawizi mpaka raha, uko wapi, na yeye anajibu kwa kidole kimoja, nakuja, na mwili wote una mshawasha, ataolewa, atakaa Mbeya kwenye ghorofa ile ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi, atatazama mlima kila asubuhi, atamwamsha huyu mkohoaji, na watu watamwita mke wa Nilesh, jamani Hemu tulia, tulia, weka sukari... na hapo sauti ile nzuri ya chini inauliza, wazi kabisa, ukuta ni tofali moja, "Jayantibhai, na marehemu mzee wako, yeye kule Mlowo alikuwa kwenye shughuli gani hasa?" na kijiko kinabaki juu ya bakuli la sukari, Mama Loisi ameacha kupanga bhajia, lori linapiga honi barabarani, refu, pita basi wewe lori, pita, na Baba anasema, "Mzee? Mzee alikuwa... biashara. Biashara ya ngozi. Alikuwa akinunua, akisafirisha," akisafirisha!, Bapuji aliwahi kusafirisha nini, hata mbuzi mmoja hakumsafirisha, miaka arobaini na moja amekunja mgongo juu ya miguu ya watu, mpaka mgongo ukakataa kunyooka, mpaka walipomlaza mara ya mwisho walimlaza ubavu, na sasa amekuwa mtu wa kusafirisha, na Mama Nilesh anasema, "Aa, vizuri, ngozi ina soko," na Baba anacheka kicheko kile cha dukani, cha kumwuzia mtu kipuri kilichokaa muda mrefu, na kitu kinampanda Hemlata, alidhani ni hasira, si hasira, au hasira ni kidogo tu, kubwa lake ni jambo jingine, ni kama alivyokuwa akisikia asubuhi za mnada, magari yanashusha watu, na Bapuji anasema haya twende, miguu imekuja.

Hatua tatu, ameshika kiatu, hatua tatu, amerudi, amechuchumaa nyuma ya mlango wa jikoni, kopo la biskuti limefunguka kwa ule mlio wake, na harufu, nta, ngozi, mafuta ya nazi, Bapuji mzima mzima, na Mama Loisi anasema "Hee!" halafu anasogeza kigoda chake kikakaa mlangoni, mgongo wake mpana umeziba, na Hemlata anakigeuza kiatu, ngozi nzuri, ya zamani, imeshonwa na mtu anayejua, lakini hapa kwenye gidamu kuna mjinga alipitisha gundi ya haraka, gundi imeganda imekuwa kioo na kioo kimekata ukanda, gundi!, ungesema nini Bapuji, anaikwangua kwa ncha ya kisu, anachukua msharasi, kile chuma chenye ncha na mpini wa mti uliokwisha kuchongwa na kiganja cha mtu mmoja, anatoboa, moja, mbili, tatu, soli inapumua kila tundu, anavuta uzi, anaupaka nta, nta inapata joto kati ya vidole, na mikono inakwenda, inakwenda yenyewe, haijashona tangu ule mkoba lakini haijasahau chochote, furaha gani hii, huu ni wazimu, sebuleni wanauza na kununua maisha yake na yeye yuko chini sakafuni na kiatu cha mkwe, na anajisikia vizuri kuliko alivyojisikia mwaka mzima, na bado anaweza kukirudisha, mishono minne akirudishe kimyakimya pale barazani, Mama Nilesh atakivaa akiondoka, atasema kumbe hakikukatika sana, hakuna atakayejua, hiyo nayo ni njia... na kivuli kinaangukia mikono yake na kabla hajainua kichwa anakijua kikohozi, Nilesh, soksi tupu, amepita kwa barazani, amechungulia juu ya bega la Mama Loisi, "Shikamoo mama," "Marahaba, pita baba," na Mama Loisi anampisha, mnafiki mkubwa, na Nilesh anaingia na tabasamu zima, na tabasamu linaona kiatu, linaona sindano, linabaki nusu, "Hemu. We vipi? Unafanya nini?" "Nashona," "Naona unashona. Mama akitoka je?" "Akitoka atavaa," na anamwangalia, ana nyusi nzuri, amenyoa leo, kuna kidonda kidogo cha wembe kidevuni, angekigusa, na Nilesh anachuchumaa karibu, si karibu sana, ananong'ona, "Sikiliza. Mimi najua. Nilijua tangu siku ile ya mkoba. Mtu gani wa upanga anashona vile? Mimi haiko kichwani kwangu hiyo, haya ni mambo ya zamani, mimi nakupenda wewe," anajua!, amejua miezi saba!, na Hemlata anahisi sakafu inateleza, baridi, halafu joto, halafu furaha inamjaa mpaka mboni za macho, anajua na amekuja, amejua na ameleta mama yake, anataka kuangua kilio palepale, na Nilesh anaendelea, upole uleule, sauti nzuri kama ya mama yake, "Ila mama si lazima ajue. Umeelewa? Tutasema kiatu ameshona huyu mama hapa. Hakuna neno. Mimi sitasema, baba yako hatasema, yamekwisha," na Mama Loisi anaguna, "Mimi? Mimi hata kifungo nampelekea binti yangu," na Hemlata bado anatabasamu, lile tabasamu lilikuwa limeshaanza kabla maneno hayajafika, na sasa yamefika, yanakaa, moja baada ya jingine... yamekwisha, alisema yamekwisha, lakini yataishaje, anayaona sasa yote, anaiona ghorofa ya Mbeya na mlima dirishani na yeye amekaa amelaza mikono mapajani asije akashika kitu kwa namna inayojulikana, Mama Loisi haji kumtembelea kwa sababu sauti yake haina breki, Baba anakuja kwenye sherehe na hadithi ya ngozi, kila mwaka hadithi imenenepa, na anamwona mtoto, ana nyusi za baba yake, amekaa sakafuni amepata sindano, anashona jani la mgomba na jani la mgomba, amejitoboa na hakulia, anamwinulia mama yake amwonyeshe, na yeye, yeye Hemlata, anampiga kofi la mkono, acha!, na mtoto anauliza kwa nini, na yeye anatazama nje ya dirisha, anaona mkono wake mwenyewe ukipiga, ana pete, na hapo ndipo anapogundua kwamba haogopi tena kukataliwa, ajabu, alidhani ndiyo hofu yake kubwa, kumbe alichokuwa akikiogopa tangu asubuhi, tangu miezi saba, ni kukubaliwa namna hii, akubaliwe mwingine kwa jina lake, na yeye abaki hapa nyuma ya mlango... na anampenda, hilo halikupungua hata kidogo, ndiyo maana mapigo ya moyo yanamwenda hivi, anampenda na anataka amwone anafanya jambo moja, dogo, sasa hivi, kwa hiyo anainua kiatu, uzi umeshaingia, ukanda unatakiwa ubanwe upande wa pili ili mshono ukaze, kazi ya mikono minne, na anasema, wala hanong'oni, "Shika hapa," na Nilesh, "Hemu," "Shika hapa, kwa vidole viwili, nivute," na mkono wa Nilesh unatoka, unatoka kweli, vidole viwili, unafika nusu ya njia, macho yake yanakwenda mlangoni, kwenye ule mgongo wa Mama Loisi na nyuma yake baraza na sebule, na kule sebuleni mazungumzo yamekatika, na sauti ya Mama Nilesh inaita, "Nilesh? Uko na nani huko?" na Nilesh amefungua mdomo, Hemlata anaiona ile sentensi inakuja, analiona umbo lake, ni sentensi nzuri ya kumwokoa, na anaiwahi, anasikia sauti yake inatoka kubwa, ya Mlowo, ya kuita watu ng'ambo ya shamba, kwa Kiswahili maana ndicho kilichokuja, "Yuko na mimi, Mama. Nashona kiatu chako. Babu yangu alikuwa mshona viatu, na mimi kanifundisha yeye, sisi ni Wamochi," na Baba, Baba masikini, Hemlata atamwomba msamaha baadaye lakini siyo kwa hili, na honi mbali huko mpakani, na maziwa yapo palepale yalipokuwa, hayajachemka, na hakuna kiti kilichosogea sebuleni, hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana, na Hemlata anashangaa jinsi alivyo na furaha, furaha yote hii ilikuwa wapi, mkono wa Nilesh bado uko hewani, haujashuka wala haujarudi, unaweza kushuka, anaomba ushuke, lakini Hemlata hausubiri tena, ameshakibana kiatu kati ya magoti, sindano ya kulia, sindano ya kushoto, anavuta.